Kengele naisikia nikiwa kwenye chanja: barua zenu na majibu ya Mama

Wapendwa habari za siku nyingi. Mwezi huu barua zimekuja nyingi, nimechagua tatu tu maana nilivyozisoma nikaona zinaulizana kitu kilekile japo walioandika hawajuani, mmoja yuko mwaloni kule mitumbwi inakoshushia samaki, mmoja kijana wa kwaya, mmoja ni dada yangu mtu mzima wa kijijini. Wote wanataka kujua Mungu anawafundisha nini hapohapo walipo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnivumilie, imenigusa.

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Kigoma mjini, biashara yangu dagaa pale Kibirizi, nanunua asubuhi mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka nawauzia wanaopeleka Tabora na Dodoma na wengine wanafika mpaka Dar. Zamani nilikuwa naimba kwaya sikosi ibada, sa hivi mitumbwi haijui Jumapili, ikiingia imeingia, ukichelewa nusu saa umekuta wenzio wameshamaliza au bei imepanda, kwa hiyo Jumapili nyingi mi niko kwenye chanja, ile ya kuanikia, nageuza dagaa na kengele naisikia. Jumatano kwenye kikundi cha akina mama kila mtu anaambiwa atoe ushuhuda, wiki hii umejifunza nini, wenzangu wanaongea vizuri, mmoja aliona kipepeo akajifunza ufufuo, mwingine mvua ilimkumbusha neema, ikifika zamu yangu nainamisha kichwa. Nitasema nini Mama, wiki nzima nimeona dagaa, mchanga, mawingu na madeni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu ndo kabisa, nilikula mtaji wote, aliyenikopesha unga na hela ya shule ni mama mmoja Muislamu wa Ujiji tunafanya naye biashara, wa kanisani hakuna hata mmoja aliyenigongea mlango. Nifundishe Mama namna ya kuyaona mafundisho ya Mungu kwenye maisha kama haya, au ndo imani yangu imeshapoa?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho Biblia iko mapajani imefunguliwa Luka 5, maana ulivyosema mitumbwi haijui Jumapili nikamkumbuka Petro. Yule naye alikuwa mtu wa mwaloni. Wengi wakifika kwenye ile habari wanakimbilia samaki waliojaa, mi huwa nakaa pale mwanzoni kabisa, kwamba wavuvi wameshuka wanaosha nyavu zao. Wewe unaijua hiyo asubuhi kuliko wahubiri wengi. Watu wamekesha, taa zimewaka usiku kucha, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa hawakupanda, na nyavu bado lazima zioshwe hata kama hujapata kitu. Saa hiyo mvuvi hata salamu anaitikia kwa shida. Na ndo saa hiyohiyo Yesu alimfuata, hakumngoja sinagogi, akapanda kwenye chombo chake akamwomba akisogeze kidogo kutoka pwani, akakaa humo akafundisha watu. Mimbari ya siku ile ilikuwa mtumbwi wa mtu ambaye hajalala.

Halafu akamwambia tweka mpaka kilindini. Ziwa la Galilaya kina chake hakifiki mita 50, letu hili linakwenda karibu mita 1,470, na dagaa wetu mchana wanashuka chini usiku ndo wanapanda juu, sasa fikiria mtu aje Kibirizi saa tatu asubuhi jua limeshatoka awaambie wavuvi rudini ziwani. Petro akajibu, "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Nyavu ameshaziosha huyo! Kuzishusha tena maana yake aanze kuziosha upya. Mi nikifika hapo huwa namuonea huruma na namheshimu sana.

Sasa angalia kilichotokea samaki walivyojaa mpaka nyavu zikaanza kukatika. Petro hakusimama akasema leo nimejifunza jambo kuhusu samaki, alianguka magotini pa Yesu akasema, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Alijiona yeye, akamuona Bwana wake, samaki wakabaki samaki. Hapo ndo nataka tuelewane mwanangu. Kipepeo wa mwenzio sina ugomvi naye, Yesu mwenyewe alisema tuwaangalie ndege wa angani na maua ya kondeni, lakini alikuwa anaongea na watu wenye hofu ya watakula nini watavaa nini, hofu kama yako wewe ya 2024. Ukiwaangalia dagaa ukalazimisha wakupe somo, oh dagaa wanatembea kwa umoja na sisi tuwe na umoja, utapata la kusema Jumatano na halitakusaidia Alhamisi.

Mi nikuulize, kopo lako la kupimia likoje? Maana sokoni tunajuana. Kuna kopo limebonyezwa kitako kwa ndani, juu limejaa vizuri kumbe limepungua, kuna dagaa wanaanikwa chini wanazolewa na mchanga wao ili gunia liwe zito, kuna wanaofungwa hawajakauka vizuri wanafika Dodoma wameota ukungu na aliyewala hakujui hawezi kukurudia. Wewe umeandika una chanja, hapo tu umeshanifurahisha. Sasa chukua siku mvua imenyesha mfululizo, dagaa wako wamebaki mbichimbichi, mteja anataka kuwahi treni na hela ya shule inadaiwa, anakwambia funga tu mama twende. Hapo hakuna mchungaji, hakuna kwaya, uko wewe na gunia. Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nimeusoma huo mstari toka nikiwa binti mdogo, nilikuja kuuelewa siku nilipokuwa na shida ya hela na kopo liko mkononi mwangu. Kama siku hiyo ulimwambia mteja subiri kesho jua litoke, basi ulifundishwa kitu, na kama ulifunga gunia halafu usiku usingizi ukakukimbia, hapo pia ulifundishwa. Ushuhuda wako umejaa tele, shida umeuweka kwenye daftari la madeni hujaufungua.

Na huyo mama wa Ujiji. Mwanangu hiyo ni Luka 10 imetembea kwa miguu imekuja mpaka kwako. Yule aliyeanguka kwa wanyang'anyi alipitwa na kuhani akapitwa na Mlawi, watu wa hekaluni kabisa, akainuliwa na Msamaria ambaye Wayahudi walikuwa hawachangamani naye. Ziwa lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, ni jambo jema kwa ziwa na nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana kulinda, ila kwa anayeishi kwa ndoo ya dagaa ni miezi mitatu mirefu sana, na sisi makanisani tulitangaza vipindi vya maombi kwa ajili ya wavuvi, wangapi tulibeba unga? Najisemea na mimi humo. Jumatano ijayo simama uueleze huo ushuhuda, ueleze kwa upole bila kumsema mtu, sema tu nilikuwa na njaa na huyu akanipa chakula. Wataumia kidogo, waache waumie, wanahitaji. Na huyo mama ukipata nafuu mpelekee dagaa wazuri, wale wa juu kabisa, usimpelekee mabaki.

Kuhusu Jumapili sitakudanganya kwamba chanja inatosha. Waebrania inatuambia tusiache kukusanyika pamoja na mi nimeona watu walioacha polepole kwa sababu nzuri tu kama yako, miaka mitano baadaye hata kuomba wameona aibu. Kwa hiyo tafuta mwenzio mmoja mwaminifu pale mwaloni mpeane zamu, Jumapili hii akununulie yeye, ijayo umnunulie wewe, na kama kanisani kwenu kuna ibada ya pili au ya jioni nenda hiyohiyo hata kama nguo inanuka dagaa. Yesu baada ya kufufuka aliwangoja wanafunzi pwani alfajiri, ameshawasha moto wa makaa na samaki juu yake, akawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Yeye mwenyewe siku ile alinuka moshi na samaki.

Bwana asifiwe Mama. Mi kijana wa kwaya niko Mwanga nina miaka 23. Mwezi uliopita tulienda hospitali kuona wagonjwa, tulibeba sabuni, juisi na pampasi, tukaimba, tukapiga picha na mgonjwa mmojammoja tukaweka stetasi na kwenye grupu la wasap la kanisa ili na wengine wajifunze kutoa. Jioni dada wa mgonjwa mmoja akanipigia amekasirika sana, mdogo wake ameonekana na mpira wa mkojo watu wote wameona na wala hakuulizwa. Nimefuta ila wameshaumia. Wenzangu wanasema ni shetani anapinga huduma tusonge mbele, mi moyo unanisuta. Tulikosea?

Amina mwanangu. Ndiyo, mlikosea, na huyo dada si shetani, huyo ni mtu anamlinda mdogo wake, kazi ambayo nyie mlitakiwa kumsaidia. Namshukuru Mungu moyo unakusuta, usiruhusu wenzio waunyamazishe. Yesu alisema utoapo sadaka hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume, nyie mmeijulisha mikono ya grupu zima.

Nikwambie kitu changu. Miaka ile nikiwa nesi kijana, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, zamu ya usiku akaletwa mama amevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, uchungu umemkamata vibaya, kila nikimuuliza ananijibu kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na lugha yake, mi nimechoka, wagonjwa wengine wananisubiri, nikamfokea. Nilimfokea mtu anayezaa. Kulikuwa na mhudumu wetu mama mtu mzima kazi yake kudeki na kumwaga taka, akaweka ndoo pembeni akanawa mikono, akaja akawa anamsugua yule mama mgongo taratibu na akamuuliza jina lake. Mimi nilikuwa nimeshajaza kadi nusu nzima na sehemu ya jina iko wazi, sijamuuliza. Alfajiri mtoto akalia, wote wazima, yule mhudumu akarudi kwenye ndoo yake hakusema neno na mimi hakunisema. Nimesoma vitabu vya uuguzi, nimehudhuria semina nyingi za neno la Mungu, kitu kilichonibadilisha namna ya kumshika mgonjwa ni ule usiku, na hakuna picha yake hata moja.

Ndo maana nampenda sana yule Adrian Atiman, sijui kama vijana mnamjua. Alizaliwa huko Mali ya leo, akatekwa akauzwa utumwani akiwa mtoto, Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, wakamkomboa, akasomeshwa udaktari kisiwa cha Malta, halafu mwaka 1889 akafika Karema, kusini kwetu kandokando ya ziwa hilihili. Alikuwa katekista na daktari kwa pamoja, akakaa palepale mpaka alipofariki 1956. Hesabu mwenyewe, miaka 67 sehemu moja. Mtu aliyewahi kuuzwa kama mbuzi akaamua maisha yake yote yaliyobaki awe wa kutibu watu wasiokuwa ndugu zake. Nyie mlikaa wodini saa moja, na sehemu ya hiyo saa mlikuwa mnajipanga kwenye picha. Sikwambii uvunjike moyo, nakwambia ujue huduma ina urefu.

Cha kufanya ni hiki. Nenda kwa huyo dada bila kwaya na bila maelezo marefu, omba msamaha, usiseme "kama tumekukwaza", sema tumekukosea. Kisha muulize anahitaji nini na hapo ukubali atakachosema, maana wanaouguza wodini kwetu ndo wanapika, wanafua, wanakimbizana na dawa, na pengine anachotaka ni mtu wa kukaa na mgonjwa ili yeye akalale kidogo. Kaa. Ukimaliza rudi na wiki inayofuata. Kuhusu wengine kujifunza kutoa, mchukue mmoja uende naye.

Mwakeye mdogo wangu, nakusalimia kwa Kiha. Naandikiwa na mjukuu wangu, mi naishi Simbo nina miaka 71. Nilikuwa nakamua mawese nauza mpaka mjini, nimesomesha kwa mawese, na maombi ya akina mama kwa miaka mingi yalikuwa yanafanyika kwangu. Sasa miguu inakufa ganzi sitembei mbali, mume alishatangulia, nashinda barazani. Majirani wakienda shamba wananiachia funguo zao na watoto wadogo, jioni wanachukua wanasema asante bibi basi siku imeisha. Mchungaji alihubiri kila mtu awe na huduma yake, nikalia maana yangu imeisha. Mungu ananifundisha nini kwa kunikalisha hivi?

Shikamoo dada. Kwanza niongee kama nesi, miguu kufa ganzi inaweza ikawa sukari, naomba huyo mjukuu akupeleke wakupime sukari na presha wiki hii, msiseme ni uzee tu. Na usivae kandambili zilizochanika, mguu wenye ganzi unaumia mwenyewe hujui, kila jioni mjukuu akuangalie nyayo.

Sitakwambia Mungu ameichukua miguu yako ili akufundishe kitu, sipendi hayo maneno na nimeyasikia yakiwaumiza wagonjwa wengi. Ila mwambie mjukuu akusomee 2 Wafalme 4, kile kisa cha mjane na mafuta, wewe wa mawese utakielewa haraka. Mume amefariki, mwenye deni anataka kuwachukua watoto wake wawili, hana kitu ila chupa ya mafuta. Elisha hakumpa hata senti, alimwambia, "Nenda, ukatake vyombo huko nje kwa jirani zako wote, vyombo vitupu, wala usitake vichache." Mahubiri yote niliyosikia yanamsifu mjane kwa imani yake na ni sawa, mi nawafikiria wale majirani. Walichotoa ni vyombo vitupu. Mtungi ulioegemea ukutani, sufuria ambalo halitumiki, kitu ambacho mwenyewe ukiulizwa una nini unasema sina kitu. Mafuta yaliendelea kutoka mpaka vyombo vilipokwisha, maana yake kila jirani aliyetoa chombo kimoja zaidi aliongeza mafuta ya yule mama.

Sasa wewe unasema huduma imeisha na papo hapo unaniambia kuna akina mama wanalima kwa amani kwa sababu watoto wao na funguo zao ziko kwako. Dada, mtu haachi mtoto wake kwa kila mtu. Nani angepalilia shamba lake mpaka saa nane mchana kama wewe usingekuwa hapo barazani? Hao watoto wanakaa wangapi kwa siku, na majina yao unayajua wote? Mwambie mjukuu ayaandike kwenye daftari, jina la mtoto na la mama yake, asubuhi wakishaondoka uwataje kwa Mungu mmojammoja, na wale wakubwa kidogo uwape hivyo visa vya Biblia unavyovijua kichwani. Maombi ya akina mama yalikuwa yanafanyika kwako, bado yanafanyika kwako.

Na mchungaji wako nitamwandikia akuletee ushirika nyumbani, hilo ni jukumu lake.

Mi nikipita huko baada ya mvua nitakuja na kidumu changu kitupu, tukae wote hapo barazani unielekeze ulivyokuwa unachemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, mpaka mafuta yanakuwa mekundu vile, maana nimekula mawese maisha yangu yote na kukamua sijawahi.